Mama Alipopima kwa Sauti

Siku tulipoondoa matanga ya Mama, wadogo zangu waligawana vikwembe, vile vitenge vyake. Walivipanga juu ya kitanda, vya sherehe upande huu na vya kushindia upande ule, wakawa wanachukua kwa zamu, huku wakibishana kidogo na kulia kidogo. Zamu yangu ilipofika nikasema sitaki kikwembe, nataka kile kilichomo ndani ya soksi. Wakatazamana. Kitinda mimba wetu, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akauliza kama huzuni imenichanganya, maana soksi yenyewe ilikuwa ya Baba, ya kijivu, imetoboka kisigino, na ndani yake mlikuwa na mita ya umeme ya rangi ya njano ambayo haijawaka kwa miaka mingi. Nikaichukua hivyo hivyo. Bado ilikuwa na harufu yake: vanishi iliyoungua, mafuta ya mashine, na unga wa mahindi kwa mbali. Nilikaa nayo mapajani nikainusa kama mtu anayenusa utosi wa mtoto mchanga, na wala sikuona haya.

Wenzangu mliokua wakati ule, wakati shule ilianza kwa nyimbo mbele ya bendera na kila mtu mzima aliitwa sitoyeni, yaani mwananchi, mtakumbuka kwamba kwetu Kenya, mtaa wa Lubumbashi wala si ile nchi, hakuna kitu kilichotupwa. Pasi ilitengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena mpaka ikawa haina hata kipande kimoja cha ile pasi ya mwanzo. Kila avenue ilikuwa na fundi wake. Wa kwetu alikuwa Masengo, mwanaume mnene mwenye kipara kinachong'aa, mcheshi, mkarimu kwa watoto, na mwenye haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Umaarufu wa Masengo ulitokana na cheche. Katika mota nyingi mna kikopo kinachoitwa kondansatere, wengine husema kapasita. Ndicho kinachoisukuma mota ianze kuzunguka. Kazi yake ni kutunza umeme kidogo ndani yake, na ubaya wake ni kwamba huendelea kuutunza hata baada ya mashine kuchomolewa ukutani. Masengo alipotaka kujua kama kikopo hicho ni kizima, alikigusisha kwenye umeme mara moja, kisha akakiunganisha miguu yake miwili kwa bisibisi. Paa! Cheche ya buluu ikaruka, sisi watoto tukapiga makofi, na mwenye mashine akaenda nyumbani ameridhika. Mtaani kwetu ilikuwa desturi. Mtu akileta pampu au feni yake kwa fundi, alisimama mlangoni na kusema, “Mbele tuone moto.” Fundi asiyeonyesha moto alionekana hajafanya kazi.

Mama yangu hakuonyesha moto. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yetu.

Kazi ile mwanzoni ilikuwa ya Baba. Babu yetu alishuka kutoka kaskazini kuja kujenga reli, Baba akazaliwa mjini, akawa fundi umeme katika karakana ya kampani ya shaba, mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mwaka mmoja aliona nusu, mwaka uliofuata aliona vivuli, na mwishowe akapumzishwa kazi. Mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao alimwachia ile mita ya njano kama zawadi ya kuagana. Haikuwa na mshale kama mita za wengine, ilikuwa na kioo kidogo kinachoandika namba, na iliweza kupima hata kondansatere. Mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Zawadi nzuri kabisa, kwa mtu asiyeona.

Basi Mama akawa macho yake. Mwanamke wa kijiji cha Kasomeno, aliyekuja mjini akijua kulima na kuuza samaki wa kukauka, alikaa mwaka mzima mbele ya Baba akijifunza waya mmoja mmoja. Baba alisikiliza mashine na kusema ugonjwa, Mama akafungua na kupima. Masikio ya mmoja na mikono ya mwingine. Hata leo nikifikiri, sijui watu wawili waliooana vizuri kuliko wale.

Kazi yao waliifanyia barazani, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe ili visukurubu visipotee. Mimi nilikaa kwenye kizingiti, marufuku kusogea. Mama alichomoa waya wa mashine na kuuweka juu ya meza, aone kwa macho yake kwamba hauko ukutani. Alichukua balbu iliyofungwa kwenye kishikio chenye nyaya mbili, akagusisha ncha za nyaya hizo kwenye miguu ya kondansatere. Balbu iliwaka kwa kitambo kidogo, ikafifia, ikazimika. Mama hakuondoa nyaya. Aliinamisha kichwa, midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Baba naye alikuwa amevua kofia, ametulia tuli. Baada ya muda mrefu Mama aliinua uso, akapima kwanza kama kuna umeme uliobaki, ndipo akakitenga kile kikopo na nyaya za mashine, akazungusha kitasa cha mita na kugusisha sindano zake mbili, nyekundu na nyeusi.

“Ngapi?” Baba aliuliza.

“Kumi na tisa na nusu.”

“Inaandikwa ngapi ku mugongo ya kondansatere?”

“Makumi mbili.”

“Basi, iko muzima. Rudisha.”

Mwaka huo nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, na kichwa changu kilikuwa kimejaa altare. Nikitazama pale barazani niliona misa. Kitambaa cheupe kilikuwepo. Mshumaa ulikuwepo, ile balbu. Baba amevua kofia kama wanaume wote kanisani. Baadaye nilijua aliivua ili asikie vizuri. Na Mama, kichwa chini, midomo ikicheza, alikuwa anasali ili kile kilichomo ndani ya kikopo kisimuue. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilimwambia rafiki yangu wa darasani kwamba mama yangu anajua sala ya kutuliza umeme, naye akaniamini, kwa sababu nilisema kwa uso mkavu.

Majirani hawakuona misa. Waliona uoga. “Mama Ngoie anaogopa kuran,” walisema, wakiuita umeme kuran, na kumwita Mama kwa jina langu kama tulivyozoea kuwaita wazazi. “Masengo anamaliza mu dakika mbili, yeye anakaa pale sawa anabembeleza mutoto.” Wengine walileta kazi, wakauliza moto uko wapi, Mama akajibu kwamba cheche inaua kondansatere na siku moja itaua muntu, wakafunga mzigo wao wakavuka barabara kwenda kwa Masengo. Nakiri kwamba niliona aibu. Nilimpenda mama yangu, lakini nilitamani walau mara moja apige cheche kubwa, watu wanyamaze.

Wiki zikapita bila mtu kugonga mlango. Ndipo akaja kaka yake Mama kutoka Kasomeno, mjomba wetu, mtu wa maneno machache na kofia kubwa. Alikula bukari yake, yaani ugali, akamaliza, akanawa, akasema mbele yetu sote: “Mwisho wa mwezi nitakuya na lori ya muhogo. Kama hii kazi haitembee, mutapanda. Mashamba iko. Hapa munakaa tu.”

Niliona Mama anamtazama Baba, na Baba, asiyeona kitu, akageuza uso pembeni kana kwamba ametazamwa. Hata mimi nilielewa. Wakati ule Kasomeno haikuwa na umeme. Mama angeshika jembe, sisi watoto tungeshika jembe, na Baba angekalishwa kwenye kiti asubuhi na kuondolewa jioni. Hakungekuwa na mashine ya kusikiliza. Hapa Lubumbashi alikuwa fundi aliyepoteza macho. Kule angekuwa kipofu tu.

Nikaamua kuokoa nyumba. Mnacheka, lakini mkiwa na umri ule mlikuwa hivyo hivyo.

Siku mbili baadaye mtu mmoja alileta kikopo cha kondansatere cha pampu ya shamba, amekizungushia gazeti. Alikuwa amekichomoa asubuhi ile ile kwa haraka, akakiacha mezani akasema atarudi. Mama alikuwa ameenda kuteka maji. Baba alikuwa amelala chumbani. Nilifikiri: nikikisafisha na kukisalia mapema, Mama akirudi atapima tu, na kazi itakwenda mbio kama ya Masengo. Nilitandika kitambaa vizuri. Balbu sikuitafuta. Kwangu ilikuwa mshumaa, na kanisani nilikuwa nimeona sala ikisaliwa hata mishumaa ikiwa imezimika. Nikainamisha kichwa, nikasali Salamu Maria tatu, polepole, kwa moyo wangu wote. Kisha nikashika miguu ile miwili kwa vidole ili niifute vumbi.

Sikusikia kishindo. Niliona tu kwamba niko chini, kiti kiko juu yangu, na mkono wangu wa kulia si wangu. Nilitaka kulia na sauti haikutoka.

Baba ndiye aliyefika. Alikuja moja kwa moja akigonga mlango, akigonga stuli, akapiga magoti na kunipapasa uso, shingo, kifua, akaacha kiganja chake pale moyoni.

“Ngoie. Ngoie, sema kintu.”

“Nilisali, Baba,” nilisema. “Salamu Maria tatu. Sawa Mama anafanya.”

Mama alikuwa ameingia na ndoo kichwani. Alisikia maneno hayo. Aliishusha ndoo kwa utaratibu, bila kumwaga, akaja akachukua mkono wangu. Kwenye ncha za vidole viwili palikuwa na alama nyeupe ndogo kama punje za mchele. Nilingoja kofi. Mama akakaa chini, kwenye simenti, na kikwembe chake kizuri.

“Mwanangu, mi sikuwe nasali,” alisema. “Nilikuwa nahesabu. Ile lampe inakunywa kuran yote yenye iko mule ndani. Mi nahesabu mupaka sitini, nijue ilimaliza kunywa. Kisha napima kama inabakia. Sala haiondoe kuran, Ngoie. Ni lampe njo inaondoa.”

“Haukuniambia,” nilisema.

“Sikukuambia,” alisema Mama.

Baba alicheka kidogo kwa pua, kicheko kilichokatika katikati, kisha nikaona machozi yanashuka kutoka kwenye yale macho yake yaliyokuwa hayafanyi kazi nyingine. Mama yeye hakulia. Alinyanyuka, akaivisha mita ile soksi, akapanda juu ya kiti na kuiweka juu ya kabati, nyuma kabisa. Aliporudi chini alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza kama chumvi ipo, kwamba tutakwenda Kasomeno. Mtoto wake alikaribia kufa kwa sababu ya ukimya wake, na kazi ya namna hiyo haitaki tena.

Zile siku zilizofuata sizipendi hata kuzikumbuka. Hakuna aliyenigombeza. Mama alinipaka mafuta vidoleni asubuhi na jioni. Alianza kukunja nguo na kuzipanga kwenye magunia, na kila gunia lilipofungwa nilijua ni kosa langu lililolifunga. Baba alikaa barazani mbele ya meza tupu, amevaa kofia.

Jumamosi moja baada ya salongo, tulipomaliza kufagia barabara kama ilivyoamriwa, tulikwenda na Mama kusaga mahindi kwa Papa Mutombo. Huyu ndiye aliyekuwa na kinu cha umeme, moulin kama tulivyosema, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulikuta foleni ya wamama na mabeseni, lakini hakuna vumbi la unga. Mota ilikuwa inanguruma pale pale bila kuzunguka, mmmmm, kama mtu anayebeba kitu kizito na kukataa kusema. Masengo alikuwa ameshafika. Alizima, akatoa kikopo cha kondansatere, akakigusisha kwenye umeme, akapiga bisibisi. Paa. Cheche ikaruka, watoto wakashangilia.

“Munaona?” alisema Masengo. “Kondansatere iko muzima. Ni bobinage, waya ya ndani, njo iliungua. Mota itaenda Likasi, ku muntu wa kuzungusha waya mupya. Wiki tatu, labda ine.”

Wamama wakaguna. Wiki nne bila unga si jambo la kuguna tu, lakini watafanya nini, moto wameuona. Papa Mutombo alishika kiuno. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshusha beseni, na ameinamisha sikio upande mmoja kama Baba. Nilijua anajua. Nilijua pia kwamba ameapa kuiacha kazi. Nilivuta kikwembe chake.

“Papa Mutombo,” alisema hatimaye, “toa mukaba. Funga kamba ku poulie, ile gurudumu ya mukaba. Washa kuran, kisha vuta ile kamba na nguvu, uiachilie.”

Papa Mutombo alimtazama Masengo, Masengo akainua mabega. Walirudisha kile kikopo, wakafanya. Kamba ilipovutwa, mota ikashtuka, ikashika mwendo, ikazunguka vizuri kabisa.

“Bobinage haikuungua,” alisema Mama. “Inakosa tu wa kuisukuma mwanzo. Munizimie. Nakuya.”

Tulikimbia nyumbani, kwa kweli tulikimbia, Mama Ngoie aliyesemwa anabembeleza mashine. Mlangoni tukasimama. Baba alikuwa anasikia kinu kile kutoka barazani kama mnavyosikia redio ya jirani, na alikuwa ametambua ugonjwa kabla yetu. Alikuwa amepanda juu ya kiti, yeye asiyeona, akapapasa juu ya kabati mpaka mwisho. Tulimkuta ameshashuka. Soksi ilikuwa mkononi mwake, ameinyoosha mbele, na kwapani amebana mkebe wa biskuti walimotunzia kondansatere za zamani. Mama alivipokea vyote viwili.

Pale kwenye kinu watoto walikuwa wamejaa mpaka dirishani, wanangoja cheche nyingine. Mama aliwatazama muda, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema.

“Batoto, rudini nyuma hatua tatu, lakini musikie. Mbele ya yote, nachomoa. Hii hapa, waya iko ku mukono yangu, bote munaona. Sasa, munazani kuran ilimalizika? Haikumalizika. Inajificha humu. Huyu mutoto wangu iliangusha chini juu mi sikumwambia. Ngoie, onyesha mukono.”

Nilionyesha vidole vyangu. Wamama walivuta pumzi. Hakuna aliyecheka.

“Mukikuta kintu kama hii, hata juu ya takataka, musiguse. Muite mukubwa. Na mukubwa asipige tournevis, ile bisibisi. Afanye hivi.” Akagusisha nyaya za balbu. Balbu ikawaka, ikafifia. “Haitoshe. Naiacha inywe. Tuhesabu sitini. Sisi bote.”

Wakahesabu. Wamama wa foleni na mabeseni yao, watoto wa dirishani, Papa Mutombo na sauti yake nene, wote kwa pamoja, moja, mbili, tatu, kama darasa la kwanza. Kufika arobaini hivi nilimwona Masengo naye midomo inacheza.

“Bado sipime kondansatere,” Mama aliendelea. “Napima kwanza kama kuran inabakia. Sifuri. Muzuri, juu kama inabakia itaua hii mita, na mi sina ingine. Sasa natoa nyaya za mota zote, naweka mita ku kondansatere. Nangojea namba itulie.” Akasubiri. Akamgeuzia Masengo kile kioo. “Soma, Masengo.”

“Kumi na moja.”

“Na ku mugongo inaandikwa?”

Masengo aligeuza kikopo. Akasoma polepole, “Makumi ine.”

“Ule moto uliona, ulikuwa wa kumi na moja,” alisema Mama. Hakusema kwa kejeli. “Iko hai, lakini nguvu ya kusukuma ilisha kuisha. Macho haiwezi kuona ile. Hata yangu.”

Katika mkebe wa biskuti hakukuwa na cha arobaini. Kila kikopo mle kilikuwa na kipande cha plasta chenye namba aliyoiandika Mama siku alipokipima. Alichagua cha ishirini na moja na cha kumi na nane, akahakikisha vyote vimeandikwa volti zile zile za kile cha zamani, akaviunganisha bega kwa bega ili nguvu zao zijumlishwe, zikaribie arobaini. Masengo, bila kuombwa, alishika koleo akamkazia skurubu. “Miaka yote hii,” nilimsikia akisema chini chini, “mi nilikuwa naangalia moto.” Papa Mutombo akawasha. Mota haikunguruma hata kidogo. Iliondoka moja kwa moja, mkanda ukarudishwa, na unga ukaanza kuruka ukatupaka sote nyusi nyeupe.

Lori la mjomba lilifika siku aliyosema. Alishuka akakuta magunia ya nguo yamefunguliwa na barazani watu wamekaa kwa mstari, kila mmoja na kitu chake kilichofungwa kitambaa. Wa pili katika mstari alikuwa Masengo, na mota ya mteja wake. Mjomba alimsalimu Baba kwa heshima, akauliza kama wanavyoulizana wanaume wenye nyumba: “Shemeji, tupakie?”

“Muulize mwenye kazi,” alisema Baba.

Mjomba akageuka, shingo upande, kumtazama dada yake mdogo.

“Yaya, tunabakia,” alisema Mama, akimwita kama tunavyowaita kaka wakubwa. “Kula kwanza, kisha utaenda.”

Alikula, akaenda. Sitasahau jinsi Baba alivyokaa alasiri ile, sikio limeinama juu ya mota ya Masengo, kofia iko magotini.

Watu walipopungua, Mama aliniita. Tangu siku ile niliyoangushwa nilikuwa sijaikaribia meza. Nilikuwa napita kandokando ya ukuta kama paka aliyemwagiwa maji. Alivuta kiti, akanikalisha mahali pake. Mbele yangu palikuwa na kondansatere ndogo ya feni.

“Leo ni wewe,” alisema.

“Naogopa, Mama.”

“Mi najua.”

Alinishikisha vishikio vya nyaya za balbu, akasimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu. Miaka yote nilikuwa nimeitazama mikono ile kutoka kwenye kizingiti, nikaiona imetulia kuliko ya mtu yeyote duniani. Sasa iligusa yangu. Ilikuwa baridi, na ilikuwa inatetemeka.

“Mama,” nilinong'ona, “na wewe unaogopa?”

“Kila siku,” alisema, na hakuiondoa.